"Kumbe miye niko mu ba wote?"
Juu ya neno la shukrani, kwetu na kwa Wajapani

Kila mara tunapokutana kuongea juu ya desturi zetu, kuna sauti moja inayorudi, zaidi kwa vijana waliosoma: "Sisi hatujui kushukuru. Muangalie Wajapani." Mfano wao unajulikana. Mwezi wa saba 2018, kule Rostov, Urusi, timu ya Japani ilipigwa na Ubelgiji mabao 3 kwa 2 katika Kombe la Dunia, na ilikuwa imetangulia 2 kwa 0. Walilia uwanjani. Kisha wakaingia katika chumba chao cha kuvalia, wakakisafisha chote, wakaacha karatasi yenye neno moja la Kirusi: asante. Mwaka 2022 kule Qatar, baada ya kuipiga Ujerumani, wakafanya vilevile, wakaacha na ndege wa karatasi waliokunjwa kwa mkono, na neno la shukrani kwa Kijapani na kwa Kiarabu. Kijana anatoa simu, anaonyesha picha, anasema: "Munaona? Bale batu banajua."

Hakuna anayekataa picha hiyo. Lakini mimi nataka kukosoa mambo mawili. La kwanza ni hayo masemi ya kwamba kwetu shukrani haiko. La pili ni lile neno la shukrani tunalolisoma kwenye kilio na kwenye arusi hapa Uvira, lile tunaloliita kwa Kifaransa mot de remerciement. Nitaonyesha kwamba Wajapani wanatusaidia kuona ubaya wa hilo la pili, na kwamba hawatusaidii kabisa kutetea lile la kwanza.

1. Japani haiko mbali sana na Uvira

Wengi wetu tunaijua Japani kwa magari tu. Yanapita Dar es Salaam, yanafika hapa na maandishi ya Kijapani ubavuni. Mengine dereva akiwasha asubuhi, sauti ya mwanamke inasema kitu. Abiria wanabishana: anasalimia, hapana, anashukuru. Kwa kweli mama yule analalamika: kadi ya kulipia barabara haijaingizwa.

Lakini Wajapani wenyewe walikuja hapa kwetu. Wakati wa Wabelgiji, IRSAC ilifungua Uvira kituo cha kuchunguza ziwa, ndicho leo kinaitwa Centre de Recherche en Hydrobiologie. Tangu mwisho wa miaka ya 1970, na muda mrefu katika miaka ya 1980, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kyoto na wenzao, wakiongozwa na Hiroya Kawanabe, walifanya kazi na watafiti wa kituo hicho. Walizama chini ya maji kando ya miamba yetu, wakahesabu samaki mmoja mmoja, wakaandika nani anakula nini na nani anakaa na nani. Mwaka 1993 Michio Hori alieleza katika jarida la Science habari ya samaki mla magamba, Perissodus microlepis, ambaye mdomo wake umepinda, kwa wengine upande wa kuume, kwa wengine wa kushoto. Baadaye kazi yao nyingi ilihamia Mpulungu, Zambia.

Ninalitaja hili kwa sababu moja. Mwaka 1985 makala juu ya samaki huyohuyo ilitoka katika jarida la elimu ya samaki la Japani. Majina ya waandishi ni matatu: Nshombo, Yanagisawa, Nagoshi. Mkongomani anatangulia, Wajapani wawili wanafuata. Na kwa kuwa wataalamu wana desturi ya kufupisha majina, mtu akiitaja makala hiyo ataandika "Nshombo na wengine". Hapo ni Wajapani walioingia katika "wengine". Muweke hilo moyoni, tutalirudia.

Wana na njia nyingine. Mwaka 2008 samaki mmoja wa Tanganyika alipewa jina la kitaalamu Benthochromis horii. Sehemu ya pili ya jina hilo ni Hori, kwa heshima yake. Mtu anaweza kusahau hotuba, lakini jina la namna hiyo litabaki vitabuni wakati sisi sote tumekwisha kuondoka.

2. Maneno yenyewe yanasema nini

Arigatō, asante ya Wajapani, inatoka katika maneno mawili: "kuwa" na "ngumu". Ni kusema: jambo hili ni gumu kupatikana, ni la nadra. Mama mmoja mwandishi wa jumba la mfalme, Sei Shōnagon, aliyeishi karibu na mwaka 1000, aliandika orodha ya vitu vya nadra akitumia neno hilohilo, na cha kwanza alichokitaja ni mkwe anayesifiwa na baba mkwe. Wanaume wa hapa watamuelewa bila mkalimani. Kuna wanaosema kwamba arigatō ni obrigado ya Wareno. Si kweli. Wareno walifika Japani mwaka 1543, na neno lilikuwa na miaka mia nyingi tayari.

Mjapani ana na neno la pili, sumimasen. Analisema akikukanyaga mguu, na analisema pia ukimletea zawadi. Maana yake ya shina ni: haijaisha. Deni langu kwako halijaisha. Daktari wa akili Doi Takeo, katika kitabu chake cha mwaka 1971, anaeleza kwamba alipokuwa Marekani katika miaka ya 1950, mkubwa wake wa kazi alimtendea wema. Alitaka kushukuru, kinywa kikatoa: "Naomba radhi." Mkubwa akashangaa: radhi ya nini tena?

Sasa turudi kwetu. Asante imetoka kwa Waarabu, ahsanta, "umefanya vizuri". Wajirani wetu wa ng'ambo ya Ruzizi wanasema urakoze, kutoka gukora, kufanya kazi: umefanya, umetumika. Mfuliiru anasema kongwa. Merci tuliyoletewa na Wabelgiji ina shina la Kilatini lenye maana ya mshahara, malipo. Mnaona tofauti. Kiswahili na Kirundi vinasifu tendo. Kijapani kinasifu unadra wa tendo, au kinakiri deni. Ile ya Kilatini ilianza kwenye malipo, na mtu akishalipwa, kila mmoja anaenda kwake.

Lugha yetu ina na kitu kingine ambacho shule haikutuambia thamani yake. Tunasema amenipikia, amenichotea, amenilalia mgonjwa. Ile -ia ndogo inabeba mtu aliyetendewa ndani ya tendo. Kijapani nacho, mbele ya kusema arigatō, kinataja tendo na kukiongezea neno dogo kureru, maana yake "kwa ajili yangu, kwa wema". Mjapani mwenye adabu hasemi asante kavu. Anasema asante kwa kunipikia. Wazee wetu wanasema hivyo hivyo. Sikiliza mama akitoka kwa jirani: "Aksanti kwa kunilindia batoto." Jirani akirudi kazini, tunampa pole na kazi, Mjapani anamwambia mwenzake otsukaresama, yaani umechoka, nakuheshimu kwa uchovu wako.

Tena kuna asante ya siku ya pili. Mjapani akikutana na wewe baada ya juma moja, neno la kwanza ni kushukuru kwa ajili ya siku ile. Na kwetu? Mgeni aliyekula kwako jana akikupita njiani bila kusema "aksanti ya jana", wazee wanauliza: yule alilelewa wapi? Kijana anayesema lugha zetu hazina shukrani amesikiliza lugha hizo vibaya. Alitafuta neno moja kama merci, na alipoliona ni la mkopo akafikiri hata jambo lenyewe ni la mkopo.

3. Karatasi ya kusomwa

Hapo ndipo ninafika kwenye ugonjwa wetu wenyewe, na sitausema kwa mbali, kwa sababu mimi ni mmoja wa wagonjwa.

Baba alipofariki, kilio kilikaa kwetu Rugenge. Mimi ni mwana wa kwanza, na mimi ndiye mwenye kalamu. Wakubwa wa jamaa wakaniambia: andika neno la shukrani. Nikaandika kurasa mbili. Mnajua inavyokwenda. Kwanza unamshukuru Mungu. Kisha chef wa kartie na serikali yote. Kisha mchungaji, waimbaji, shirika, ofisi ya marehemu. Kisha unafungua daftari la michango na unasoma: fulani, dola fulani, fulani, katoni mbili za vinywaji, ndugu waliotoka Bukavu, waliotoka Baraka, waliovuka kutoka Bujumbura. Na mwishoni unaweka ile sentensi ambayo kila mmoja wetu anaijua kwa moyo: "Na wote ambao hatukuweza kuwataja majina, watusamehe, Mungu anawajua."

Nilisoma vizuri. Watu wakapiga makofi. Protokole akanishika mkono.

Kuna mama jirani, ukuta kwa ukuta na sisi. Tangu usiku ule wa kwanza mpaka mazishi alipika. Sufuria kubwa zote mbili zilikuwa zake. Wageni wa Baraka walilala chumbani mwake, yeye na watoto wake wakalala chini kwenye mkeka. Hakuandikwa katika daftari, maana hakutoa franka hata moja. Kilio kilipokwisha, nikatuma watoto wamrudishie sufuria. Mama yangu akasema: "Ngoja kwanza, zisirudi hivyo." Nikajibu kwamba tumechoka, na kwamba mambo ya kutia kitu ndani ya sufuria ni ya kizamani. Zikarudi safi, zinang'aa, tupu.

Juma moja baadaye nikakutana naye kwenye robine. Nikamsalimia. Akaniangalia, akauliza polepole, hata bila hasira:

"Mwanangu, kumbe miye niko mu ba wote?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sentensi ile ninaisikia kila protokole anapotangaza kwamba jamaa ina neno.

Nimetazama karatasi yangu tena, na karatasi nyingine nyingi za wengine, maana watu huniomba niwaandikie. Makosa ni yaleyale. Kosa la kwanza, karatasi inafuata daftari, na daftari linaandika feza na vitu tu. Aliyetoa usiku wake, mgongo wake, chumba chake, hana mstari. Kosa la pili, karatasi inapanga watu kwa cheo: anayetajwa kwanza ni yule ambaye pengine alifika dakika kumi na kuondoka. Kosa la tatu, karatasi haina ile -ia. Inasema "tunashukuru fulani", haisemi "tunashukuru fulani kwa kutupikia". Kosa la nne, na mimi naliona kubwa kuliko yote, karatasi inataka kumaliza. Tumeshukuru wote, mambo yameisha, viti vya plastiki virudi, shitingi ifunguliwe. Mjapani akisema sumimasen anasema kinyume chake.

Si kilio tu. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulipotoka njiani mwake, makumi ya watu walikufa na nyumba maelfu zikabomoka. Mbele ya gari lolote lenye bendera kufika, watu wa mitaa ambayo maji hayakuigusa walikuwa wamekwisha kufungua milango. Jamaa za watu saba zilipokea jamaa nyingine za watu wanane, kwa miezi, katika vyumba viwili. Baadaye tulisikia hotuba nyingi za shukrani, na wenye kuzipokea walikuwa wale waliokuja na kamera. Sisemi wasishukuriwe, unga wao tuliula. Nasema ni mara ngapi tulisikia kwenye kipaza sauti jina la mama aliyekubali watu wanane? Aliingia katika "wote".

4. Lakini tusiwafanye Wajapani malaika

Kijana aliye na picha ya chumba safi hajaonyeshwa daftari la Wajapani. Wanalo. Mtu akifariki kule, wanaokuja kilioni wanaleta feza katika bahasha maalum, kōden, jina na kiasi vimeandikwa, na jamaa wanaandika yote katika kitabu. Kisha jamaa inawajibika kurudisha zawadi kwa kila mmoja, na kawaida iliyozoeleka ni nusu ya kile kilicholetwa, au theluthi. Sasa fikiria umefiwa, na bado unakaa na kalamu kuhesabu nusu ya kila bahasha. Wajapani wenyewe wanalalamika juu ya mzigo huo, na siku hizi jamaa nyingi zinatangaza mapema kwamba hazitapokea bahasha. Mama Mmarekani Ruth Benedict, katika kitabu chake cha mwaka 1946 juu ya Wajapani, alieleza kwa urefu jinsi wema unaopokewa, on, unavyoweza kumkalia mtu kichwani kama mzigo, mpaka akaogopa kusaidiwa na mgeni njiani.

Kwa hiyo deni lisiloisha lina upande mchungu. Sisi tunaujua pia. Kuna tajiri anayekusaidia karo ya mtoto, na kila mkikutana anakukumbusha mbele ya watu. Ndiyo maana wazee walisema tenda wema wende zako. Shukrani ikidaiwa inageuka kodi. Nasema haya ili msomaji asifikiri ninauza dawa ya Kijapani. Kuwaiga Wajapani kwa kuinama viunoni hakutatusaidia kitu.

Kitu kimoja tu nilikisoma juu yao kikanigusa, kwa sababu kilikuwa kinanizungumzia mimi. Zamani kwao, na bado kwa wazee wa vijijini, jirani akikuletea chakula katika sanduku lake, humrudishii sanduku tupu. Unatia ndani kitu kidogo, hata kiberiti, hata karatasi chache. Wanakiita o-utsuri. Thamani ya kiberiti si kitu. Kinasema tu kwamba njia kati ya nyumba hizi mbili bado iko wazi. Mama yangu, ambaye hajasikia neno moja la Kijapani maishani mwake, alitaka kufanya hivyo. Mimi niliyesoma nilimkataza.

5. Kwa kumaliza

Sipendi makala inayolia bila kusema lifanyike nini. Nina maombi matatu kwa wale wanaoandika neno la shukrani katika mji huu, na najua wengi wao watashika kijitabu hiki.

Kwanza, mbele ya kuandika, usiende kwa mwenye daftari. Nenda nyuma ya nyumba, kwa wanaoosha masahani, uwaulize: nani alichota maji? nani alilala na marehemu hospitali? nani alichimba? Waandike hao, kila mmoja na tendo lake, na uwasome wa kwanza. Chef wa kartie hatakufa kwa kungoja dakika mbili.

Pili, tuifute ile sentensi ya "wote ambao hatukuweza kuwataja". Kama majina ni mengi, karatasi iwe ndefu. Michango tunaisoma nusu saa na hakuna anayechoka. Na kama kweli lazima pawe na "wengine", waingie wenye vyeo. Wao wana mahali pengine pengi pa kutajwa. Mnakumbuka "Nshombo na wengine".

Tatu, karatasi isihesabiwe kuwa mwisho wa shukrani. Wazee walikuwa na kurudi: baada ya siku kadhaa unatuma mtu, au unaenda mwenyewe, na kitu mkononi au bila kitu, unasema aksanti ya siku zile. Hilo halihitaji kipaza sauti. Ndilo kijana wetu alipaswa kuuliza nyumbani kwao mbele ya kwenda kulitafuta Qatar.

Kuhusu jirani yetu, mama yangu hakuningoja. Siku ya arobaini aliazima tena sufuria moja kubwa, na kila mtu nyumbani alishangaa, kwa maana hatukuwa na wageni wengi wa kupikia. Jioni akaitia unga wa muhogo, juu yake ndakala kavu zilizofungwa katika gazeti, akaniambia nibebe. Nilitaka kumtuma mtoto. Akasema hapana, beba wewe, njia nzima watu bakuone. Njia nzima ni hatua ishirini. Nikabisha hodi, nikasema: "Mama, aksanti kwa kutupikia, na kwa kulaza wageni wetu, na kwa kulala chini." Alipokea kwa mikono miwili. Hakusema si kitu, kama tunavyozoea kusema. Alisema: "Ndiyo, nililala chini." Kisha akaniletea kiti.